Dereva Aliyeomba kwa Sauti

Kila mtu alimwita Dereva. Wagonjwa walimwita Dereva, daktari alimwita Dereva, mchungaji alimtaja kwa jina hilo hilo kanisani, na mkewe, ambaye alikuwa na kila haki ya kumwita vingine, alikuwa akisimama mlangoni pao kule Wawi na kupaza sauti, "Dereva, chai inapoa!" Jina lake kamili nimelisoma kwenye karatasi za safari siku nenda siku rudi, na hadi leo nikilitamka naona namtaja mtu mwingine kabisa.

Nilifanya naye kazi miaka kumi na mitatu. Mimi nilikuwa mkunga katika kituo kidogo cha afya kaskazini mwa Pemba, upande wa Makangale, na yeye aliendesha gari la wagonjwa. Mama akishindwa kujifungulia kwetu nilipiga simu, naye akaja kutuchukua, tukapita katikati ya msitu wa Ngezi, tukatokea Konde, tukaenda hadi hospitali. Mimi nilikaa nyuma na mgonjwa, yeye mbele. Katikati yetu palikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Mengi ninayoyajua juu yake niliyapata kupitia kidirisha hicho, nikiona kisogo chake tu.

Siku ya kwanza aligeuka akaniangalia, akauliza, "Weye ni sista wa hospitali au wa kanisani?"

"Wa hospitali."

"Na kanisani huendi?"

Nilikuwa na miezi miwili kisiwani, nimetoka bara, na kijijini pale Mkristo nilikuwa peke yangu. Watu walinipokea vizuri mno. Hapakupita siku mbili bila jirani kuniletea sahani iliyofunikwa kwa kawa. Lakini Jumapili ilikuwa inanipiga. Nilikuwa nafua nguo ambazo hazikuchafuka, ili siku iishe.

"Huku hakuna kanisa," nilimjibu.

"Lipo mjini Chake Chake. Tupo watu kumi na mmoja. Ukija weye tutatimia kumi na wawili, tuanze kazi ya mitume."

Akacheka peke yake mpaka Konde. Alikuwa na kicheko kilichoanzia mabegani. Ukiwa nyuma uliona mabega yanapanda na kushuka kwanza, sauti ikafuata.

Kabla ya kuwasha gari alikuwa anaweka kiganja juu ya dashibodi na kuomba kwa sauti, macho wazi. Maneno hayakubadilika sana. "Bwana, gari ni la serikali, watu hawa ni wako, mie nimeshika usukani tu. Twende." Wakati huo huo jamaa za mgonjwa walikuwa wanasema bismillahi, na yeye akimaliza walimwitikia amina, kisha gari linaondoka. Nilikuja nikazoea, lakini mara ya kwanza niliwatazama nyuso mmoja mmoja. Nilidhani mtu atachukia.

Mara moja mzee mmoja alimwambia kwa upole, "Dereva, omba, lakini punguza sauti kidogo, nami nisikie dua yangu." Dereva akamwomba radhi. Tangu siku ile alikuwa anauliza kwanza: "Niombe kwa sauti, au kimoyomoyo?" Wengi walisema kwa sauti. Bibi mmoja wa Tumbe alimjibu, "Piga kelele, mwanangu. Leo hatuna nafasi ya kuchagua."

Watu hawaamini nikiwaambia kwamba mtu huyu alikuwa anaogopa damu. Sisemi alikuwa haipendi. Alikuwa anaanguka. Safari yetu ya pili aliona shuka lililolowa, akasema, "Sista, naona kama kumekucha tena," kisha akalala chali kwenye kokoto za uwanja wa kituo. Nikawa na wagonjwa wawili. Baada ya hapo tulikubaliana: yeye hageuki nyuma, na mimi sielezi. Nikimwambia "ongeza," anaongeza. Nikimwambia "simama," anasimama.

Sasa kulikuwa na siku ya mvua ya masika, kama saa sita mchana, ndani ya Ngezi. Mti ulikuwa umelala barabarani. Nyuma nilikuwa na binti wa miaka kumi na tisa, uzazi wa kwanza, pamoja na mama mkwe wake, mwanamke mnene wa Makangale ambaye amri zake zilitosha kuendesha meli. Mtoto akaamua kwamba hapo panamfaa. Mlango wa nyuma ulikuwa lazima ufunguliwe nipate nafasi, na mvua ilikuwa inaingia, kwa hiyo Dereva alishuka, akaishika kanga pembe mbili juu ya kichwa chake iwe pazia, akatugeuzia mgongo, akaanza kuomba. Mama mkwe naye akashika uradi wake kwa Kiarabu. Nikawa katikati ya dua mbili, na mvua juu yake.

Ikafika mahali Dereva akanyamaza. Mama mkwe akatoa kichwa nje ya pazia.

"Yakhe, mbona kimya? Dua zako zishakwisha?"

"Napumzika kidogo, Bi."

"Usinyamae! Mwenzio hapa hajapumzika!"

Akaanza upya, na kwa kuwa maneno yalikuwa yamemwishia kweli, alimshukuru Mungu kwa kila kitu alichokiona mbele yake: kwa mti ule ulioanguka, kwa majani yake, kwa tairi la akiba, kwa kima aliyekuwa anatutazama toka juu. Yule binti, katikati ya uchungu, akaanza kucheka. Nami nikacheka. Mtoto akatoka mama yake anacheka na kulia kwa pamoja, mtoto wa kiume, na alipopiga yowe la kwanza Dereva alimpigia yowe la kumjibu bila kugeuka. Mama mkwe alitaka mtoto apewe jina la Dereva. Dereva alikataa katakata. "Bi, jina langu hata mie silitumii."

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mgomvi wa kimyakimya. Aligombana na mwalimu wa kwaya juu ya nani aanzishe nyimbo, na mwaka mzima alikaa benchi la mwisho kuonyesha kwamba amenuna. Kwaya yenyewe ilikuwa ya watu watano. Kutoka kule nyuma aliimba kwa nguvu kuliko wote watano, na makofi yake yalikuja nusu hatua nyuma ya wenzake, Jumapili zote. Alidanganya katika karata. Alisema hadanganyi, anakumbuka tofauti. Alijisifu juu ya uendeshaji wake mpaka tukachoka, na baiskeli hakuweza kuipanda hata mita kumi. Mwezi wa Ramadhani hakula wala kunywa mbele ya mtu, na siku nyingine alifunga mwenyewe kwa heshima ya wenzake, lakini kuanzia saa tisa mchana alikuwa hasemezeki. Bi Mkuu wa zamu pale hospitali, mwanamke wa Tibirinzi aliyemjua kabla yangu, alikuwa anamwambia, "Dereva, nenda kale, tafadhali. Saumu yako inatutesa sisi."

Na alipendwa. Msimu wa karafuu watu huanika pembezoni mwa barabara, mikeka kwa mikeka, na gari kubwa hubidi lipite kwa taabu. Kulikuwa na mzee mmoja wa ukoo wa Kiarabu, shamba lake lilikuwa karibu na njia. Akisikia king'ora alitoka mwenyewe na mkongojo wake akaburuta mkeka mpaka majanini, karafuu zikimwagika, akisema, "Pita, Dereva, pita." Dereva alipunguza mwendo hata tukiwa na haraka, akatoa kichwa dirishani: "Shikamoo, Mzee." Nilimlalamikia mara moja kwamba tunachelewa. Akaniambia salamu haichukui hata pumzi moja, na kwamba mzee yule ana mwaka wa nne hajamsikia mwanawe aliye ng'ambo.

Mkewe alipoanza kuugua figo, mabadiliko niliyoyaona kwanza yalikuwa katika maombi. Yalifupika. "Bwana, twende." Basi. Ilibidi mke awe Unguja kusafishwa damu, akikaa kwa dada yake, na Dereva alimfuata kila alipopata ruhusa. Alirudi shati limeshamchakaa kwa kulala juu ya viti. Kanisani aliendelea kuja. Kuimba aliacha.

Siku moja tulikuwa tunarudi na gari tupu, jua la adhuhuri. Katikati ya msitu akasimamisha gari, akashuka bila kuniambia neno. Nikadhani ni tairi. Nilimwona anakwenda hatua kama ishirini, anasimama mbele ya miti, anaanza kusema kwa sauti. Si kwamba alikuwa anaomba kwa namna niliyoizoea. Alikuwa anagomba.

"Nimekubebea watu wako miaka yote hii! Nimechelewa lini? Niambie nimechelewa lini? Mmoja tu nakuomba. Mmoja! Na weye unanyamaza!"

Akasema mengine ambayo hayanihusu kuyaandika. Nilikaa ndani ya gari nimejishika mikono. Nilikuwa nimefundishwa tangu utotoni kwamba Mungu hasemeshwi hivyo, na nilingoja kitu kitokee. Hakikutokea kitu. Ndege waliendelea na kelele zao. Baadaye akarudi, akajifuta uso kwa leso, akakaa, akashika usukani.

"Samahani, Sista. Tulikuwa na mazungumzo."

Nikauliza, "Amekujibu?"

Akafikiri. "Hajanijibu. Lakini hajaondoka."

Tukaenda zetu. Kufika Konde akaniambia kwamba katika Maandiko zaburi nyingi ni za watu wanaolalamika, na kwamba zamani alikuwa anaziruka, anatafuta za furaha. "Kumbe ziliwekwa kwa ajili ya siku hizi. Mtu amekuandikia maneno kabla hujazaliwa, weye unayaruka!" Mabega yakatikisika kidogo. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza baada ya wiki nyingi.

Mke alifariki mwaka uliofuata. Mchungaji alijiandaa kwa mazishi ya watu wachache, kanisa letu likiwa kama lilivyo. Majirani wa Wawi walikuwa wameshachimba kaburi tangu asubuhi, wanaume wa Kiislamu wote, na wake zao wameinjika masufuria uani. Kisha likaja lori kutoka kaskazini. Wakaanza kushuka wanawake, mmoja baada ya mwingine, wenye watoto wa mikononi, wenye watoto wa shule, na yule mama mkwe wa Makangale akiwaamrisha wapange mistari. Wote niliwajua. Nilikuwa nimewashika mikono nyuma ya gari lile. Nyimbo zetu hawakuzijua, wakasimama tu na mabuibui yao huku sisi wachache tukiimba, na nilivyoona mimi, ukimya wao ulitubeba sauti.

Dereva alitakiwa aseme neno. Alisimama mbele ya jeneza, tai yake fupi imekwenda upande. Akasimulia jinsi mke alivyomkataa mara tatu kabla ya kumkubali, na mara ya nne alimkubali kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na yeye ndiye aliyekuwa na mwavuli. Watu wakacheka makaburini. Kisha akawatazama wale wanawake wa lori, akainama karibu na jeneza kama anayemnong'oneza mtu, lakini sote tulisikia. "Mama watoto, umewaona? Na weye ulisema sina marafiki." Hapo ndipo alipolia. Mchungaji alimshika mkono huu, na yule mwalimu wa kwaya waliyenuniana mwaka mzima akaushika ule mwingine. Jumapili iliyofuata Dereva alikuwa anaimba tena, makofi yakichelewa nusu hatua.

Mimi mwenyewe niliwahi kupanda gari lile nikiwa mgonjwa. Nilikuwa nimeolewa na mwalimu wa shule, mimba ya kwanza, mwezi wa saba. Mtoto aliacha kucheza. Mkunga huwa anajua kabla hajaambiwa. Nililazwa juu ya machela niliyowalazia wengine, mume wangu amenishika miguu, na kutoka mbele nikasikia swali nililolizoea.

"Niombe kwa sauti, Sista?"

"Usiombe kabisa," nilisema.

"Haya. Nitaomba ya kwangu." Akawasha gari.

Mtoto alizaliwa amekufa. Niliporudi nyumbani watu walikuja kunifariji, na walisema wanayoyasema watu: kwamba Mungu alimpenda zaidi, kwamba nitapata mwingine, kwamba kuna sababu. Nilitikisa kichwa kuwaitikia. Ndani nilikuwa nimefunga mlango. Kitabu cha nyimbo nilikitia chini ya kitanda. Sikuwa na hasira hata, nilikuwa mkavu.

Dereva alikuwa akija huku kwetu kwa safari, alipitia. Alikaa barazani, akala muhogo akipewa, akatazama njia. Hakutoa mahubiri. Siku moja alikuta komeo la mlango limelegea, akalikaza. Siku nyingine alilala usingizi kabisa, akakoroma, jirani akaja kutazama kuna nini. Alikuja hivyo mara sita au saba. Mara ya mwisho nikakaa mbele yake, nikamuuliza kwa ukali, "Mbona huniombei?"

"Uliniambia nisiombe."

"Sasa nakuambia uombe."

Hakufumba macho. Aliniuliza, "Mtoto mlimpa jina?"

Tulikuwa tumempa. Ni mimi na mume wangu tu tuliolijua, na hata sisi wenyewe tulikuwa hatulitaji. Nikamtajia. Dereva akalirudia taratibu ili asikosee, kisha akamwombea mwanangu kwa jina lake, kama mtu anayemjua, akamweleza Mungu kwamba mtoto huyu ana mama aliye hapa Makangale na anamkumbuka. Dua yote haikufika dakika mbili. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia jina lile kutoka mdomo mwingine.

Nililia mpaka jirani akaja tena. Kisha nikasikia njaa, njaa ya kweli, ya kwanza baada ya siku nyingi, nikala sahani mbili za wali wa yule jirani. Dereva alikula ya tatu. Jumapili nilikwenda Chake. Sijui kueleza ni nini kilichofunguka. Maswali yangu yote nilikwenda nayo, nikarudi nayo, na bado ninayo baadhi. Lakini nilikuwa nimekaa na Mtu, si peke yangu, na hilo lilinitosha kuanza wiki, na baada yake wiki nyingine. Tulipopata binti miaka miwili baadaye, Dereva ndiye aliyetupeleka, na njia nzima aliomba kwa sauti ambayo nadhani Unguja waliisikia.

Baadaye mume wangu alipata uhamisho tukahamia Tanga. Nikasikia kwamba Dereva ameshikwa na presha ya macho, na kwamba alirudisha funguo za gari mwenyewe kabla ya kuambiwa. Hilo lilinitia huzuni kuliko nilivyotegemea. Sikuweza kumwaza amekaa.

Mwaka huu nilirudi Pemba kwa siku tatu. Siku ya mwisho, asubuhi, nikaenda Wawi kumwamkia, begi mkononi. Binti yake akaniambia, "Baba yuko hospitali." Nikageuka niende mbio. Akacheka. "Haumwi. Hukaa huko Jumanne na Ijumaa. Nenda utamwona."

Nilimkuta nje ya wodi ya wazazi, kwenye benchi la saruji wanaposubiri jamaa. Kavaa tai. Macho yake yalikuwa yameelekea mahali ambapo hapana kitu, na mkono wake ulikuwa begani kwa kijana mmoja wa Wete, muuza samaki, ambaye mkewe alikuwa ameingizwa chumba cha upasuaji. Kijana alikuwa anaivua kofia yake na kuivaa tena. Dereva alikuwa anamuuliza habari za mkewe: walikutana wapi, anapika nini vizuri, akikasirika hufanyaje. Kijana akajibu, kwanza neno moja moja, kisha akaanza kusimulia, kisha akasahau kofia.

Nikasema, "Shikamoo, Dereva."

"Marahaba, Sista," akajibu papo hapo, bila kuuliza ni nani. "Kaa. Ngoja kwanza, tunamsubiri mtu hapa."

Tukasubiri. Muuguzi akatoka, akamwita kijana kwa jina, akamwambia ni watoto wawili, wa kike wote. Kijana akasimama, akakaa, akasimama tena.

"Na mama yao?" aliuliza Dereva kabla ya mtu mwingine kuuliza.

"Mzima. Kesha kuzindukana, anamuuliza mumewe."

Kijana akamkumbatia Dereva mpaka kofia yake ikaanguka, akaiacha chini, akakimbia. Muda kidogo bibi wa wale watoto akawaleta mlangoni, mmoja mkono huu, mmoja mkono ule, ili waonekane. Benchi zima likainuka.

"Sista, nielezee," alisema Dereva.

Nikamweleza. Nikamwambia mmoja ana nywele nyingi na amekunja uso kama anayedai kitu, na mwenzake amelala kabisa, mdomo wazi, hana habari na ulimwengu. Nikamwambia vidole. Nikamwambia rangi ya nguo walizofunikwa. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, mabega yakaanza kupanda na kushuka, na kicheko kikafuata, cha sauti, mpaka muuguzi akatuambia tupunguze.

Saa yangu ilikuwa inaelekea muda wa boti ya kunirudisha Tanga, inayoondokea Mkoani. Nilitaka kumuaga. Lakini yeye alikuwa ameshageuka upande wa pili, mkono unapapasa saruji kutafuta nafasi aliyoiacha kijana.

"Haya," aliuliza, "nani mwengine hapa yuko peke yake?"

Mwishoni mwa benchi palikuwa na mwanamke wa makamo, ukaya wake umefunika nusu ya uso, pochi ameikumbatia kwa mikono miwili. Dereva hakuweza kumwona. Mimi nilimwona. Nikaweka begi langu chini, nikaenda nikakaa karibu naye, nikamwamkia.